Maboresho ya mfumo: lipa kwa majaribio au lipa kwa hasara

Ijumaa ya Julai 19, 2024, saa moja na dakika 9 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike ya Marekani iliwatumia wateja wake duniani faili dogo la sasisho. Saa mbili na dakika 27 ikaliondoa. Dakika 78 zilitosha. Kwa makadirio ya Microsoft, kompyuta milioni 8.5 zinazotumia Windows zilianguka, na nyingi hazikuweza kuwaka tena mpaka fundi alipozifikia moja moja na kulifuta faili hilo kwa mkono. Shirika la ndege la Delta pekee lilifuta safari zipatazo 7,000 na kutaja hasara ya dola milioni 500.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo. Faili liliitaka programu ikague kipengele cha 21, ilhali ilikuwa imepewa 20 tu. Programu ikasoma mahali pasipokuwa pake, na kompyuta nzima ikaanguka. Kilicholifanya kosa dogo kuwa janga ni kwamba faili lilikwenda kwa wateja wote kwa mkupuo mmoja. Baada ya hapo kampuni iliahidi kusambaza mafaili ya aina hiyo kwa awamu.

Mteja wa benki au wa fedha za simu katika eneo letu anaufahamu vizuri ujumbe unaoingia jioni: ndugu mteja, huduma hazitapatikana usiku wa leo kutokana na maboresho ya mfumo. Asubuhi mambo yakiwa sawa, hakuna anayekumbuka. Yakiharibika, foleni inajaa kwa wakala, dereva hawezi kulipa mafuta, na duka la dawa linashindwa kupokea malipo. Kwa uchumi ambao sehemu kubwa ya miamala yake inapita kwenye simu, namna kampuni inavyosasisha mifumo yake ni suala la biashara. Halipaswi kuachiwa idara ya kompyuta peke yake.

Kuacha kusasisha nako kuna gharama

Meneja aliyewahi kuumizwa na sasisho baya hushawishika kuacha mfumo kama ulivyo. Historia inamkatalia. Machi 14, 2017, Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba udhaifu ndani ya Windows. Mei 12 mwaka huo, virusi vya WannaCry vilipita katika udhaifu huohuo na kusambaa katika nchi nyingi. Hospitali za huduma ya afya ya umma nchini Uingereza zililazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa, na serikali ikakadiria gharama kufikia pauni milioni 92.

Mwaka huohuo, kampuni ya taarifa za mikopo ya Equifax nchini Marekani iliibiwa taarifa za watu wapatao milioni 147. Kiraka cha programu ambayo wezi walipitia udhaifu wake kilikuwa kimetolewa miezi miwili kabla ya wizi kuanza. Kwa hiyo kampuni haina hiari ya kusasisha au kutosasisha. Hiari yake ni kulipa kabla, kwa muda na majaribio, au kulipa baadaye kwa fidia na faini.

Jaribu kwa uzito wa kweli

Aprili 2018, benki ya TSB ya Uingereza ilihamisha wateja wake wapatao milioni 5.2 kutoka mfumo wa benki ya Lloyds kwenda mfumo mpya wa mmiliki wake wa wakati huo, Sabadell ya Hispania. Kazi ilifanyika wikiendi moja. Kumbukumbu zenyewe zilihama salama, lakini mfumo mpya ulishindwa kubeba kazi. Wateja wapatao milioni 1.9 walifungiwa nje ya akaunti zao, na benki ilirejea katika hali ya kawaida Desemba pekee. Mkurugenzi mkuu aliondoka Septemba. Mwaka 2022 wadhibiti waliitoza TSB faini ya pauni milioni 48.65, mbali na pauni milioni 32.7 ilizowalipa wateja kama fidia.

Uchunguzi ulionyesha kwamba mfumo huo ulitegemea vituo viwili vya data, lakini majaribio ya uzito yalifanyika katika kimoja tu. Jaribio lolote lina maana pale tu mazingira yake yanapofanana na mazingira halisi: idadi ileile ya seva, mipangilio ileile, wingi uleule wa miamala. Majina na namba za wateja zifichwe, lakini umbo la kumbukumbu libaki kama lilivyo, pamoja na akaunti za miaka 20 zenye dosari zake. Mfumo wa mishahara ujaribiwe kwa mzigo wa mwisho wa mwezi, maana Jumanne tulivu haitakuonyesha utakavyozidiwa.

Hatua ndogo, moja baada ya nyingine

Wahandisi wana njia kadhaa zilizothibitika za kubadilisha mfumo bila kuuzima. Ya kwanza ni awamu. Sasisho linaanza kwa wafanyakazi wa idara ya kompyuta, linakwenda tawi moja, kisha asilimia chache ya wateja, huku vipimo vya makosa na kasi vikiangaliwa kabla ya kila hatua. Kosa likijitokeza, limewagusa wachache.

Ya pili inaitwa bluu na kijani. Kampuni inakuwa na mazingira mawili yanayofanana. Bluu inahudumia wateja wakati kijani kinapokea toleo jipya na kukaguliwa. Kikiwa tayari, wateja wanaelekezwa kijani, na bluu inabaki hai kwa muda endapo itabidi kurudi. Gharama yake ni kulipia seva maradufu. Asiyeimudu anaweza kusasisha seva moja moja, zilizobaki zikiendelea na kazi. Ya tatu ni swichi ndani ya programu: huduma mpya inawekwa ikiwa imezimwa, inawashwa kwa kundi dogo, na ikileta shida inazimwa bila kugusa kingine.

Kanzidata ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu seva ina mbadala lakini salio la mteja ni moja. Hapa kanuni ni kupanua kwanza na kupunguza baadaye. Safu mpya inaongezwa bila kuigusa ya zamani, programu inaandika kwenye zote mbili kwa muda, kumbukumbu za nyuma zinahamishwa kidogo kidogo, na safu ya zamani inafutwa pale tu hakuna anayeitegemea.

Njia ya kurudi ifanyiwe mazoezi

Agosti 1, 2012, kampuni ya hisa ya Knight Capital ya Marekani iliweka programu mpya kwenye seva zake, lakini moja kati ya nane ikasahaulika. Hakuna fundi wa pili aliyekagua. Soko lilipofunguliwa, seva hiyo iliamsha programu ya zamani na kumwaga maagizo sokoni kwa dakika 45. Katika kuhangaika, mafundi waliiondoa programu mpya kwenye seva saba zilizokuwa sahihi, na hali ikazidi kuwa mbaya. Hasara ilipita dola milioni 460, na mwaka uliofuata kampuni ikaungana na nyingine.

Nakala rudufu nazo zinahitaji uthibitisho. Januari 31, 2017, GitLab, kampuni inayowahifadhia waandishi wa programu kazi zao, ilipoteza takribani saa sita za kumbukumbu baada ya mhandisi kufuta kanzidata kwa bahati mbaya, na njia zake kadhaa za kuhifadhi nakala zikakutwa hazifanyi kazi ipasavyo. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa kwa majaribio ni matumaini tu.

Hesabu na kalenda

Mkataba unaoahidi huduma kwa asilimia 99.9 unaruhusu mfumo kuzima karibu saa 8 na dakika 45 kwa mwaka. Asilimia 99.99 inaruhusu dakika 52 hivi. Kila tisa inayoongezwa ina bei yake, na bodi iseme wazi iko tayari kulipia ipi. Kalenda nayo iheshimiwe: sasisho kubwa lisigongane na siku za mishahara, na nchini Kenya na Tanzania lisikaribie tarehe 20, siku ya mwisho ya ritani za VAT.

Kwa wakurugenzi wa benki, hospitali na vyama vya akiba na mikopo, kabla ya kuidhinisha sasisho lijalo ulizeni mambo matatu. Limejaribiwa kwa mzigo halisi? Litaanza na wateja wangapi? Mara ya mwisho kufanya mazoezi ya kurudi nyuma ilikuwa lini? Jibu la lolote kati ya hayo likikosekana, ahirisheni, kisha wapeni wahandisi wenu muda na fedha za kulipata. Fedha hizo ni kidogo kuliko siku moja ya mfumo kuzima.