Marehemu Asizikwe Bila Jina Lake

Wahenga walisema ajali haina kinga. Sisi wa Usagara na Tanga nzima tunalijua hilo, maana ndugu zetu hupita kila siku barabara ya Segera, Korogwe na Same, na wengine huvuka bahari kwenda Pemba. Mwezi huu tungependa tuzungumze juu ya jambo zito ambalo familia nyingi hukutana nalo bila kujiandaa: kumtambua marehemu baada ya ajali iliyoua watu wengi.

Tarehe 28 Juni 2025 mabasi mawili yaligongana na kuwaka moto eneo la Sabasaba, Same, katika barabara ya Moshi na Tanga. Miili mingi iliungua isitambulike kwa macho, ikabidi kupima vinasaba, kile kipimo ambacho wengi wanakiita DNA. Hali ilikuwa hiyo hiyo Morogoro tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipolipuka Msamvu na watu zaidi ya 100 wakafa. Na meli ya Spice Islander ilipozama karibu na Nungwi tarehe 10 Septemba 2011, ilikuwa imebeba watu kupita kiasi, na wengi hawakuonekana tena.

Kwa nini tunasema macho hayatoshi? Joto la pwani hubadilisha uso wa maiti kwa siku moja au mbili tu. Maji huuvimbisha na moto huuharibu. Tena mtu mwenye uchungu huona anachokitafuta. Familia moja ikichukua maiti isiyo yake, familia mbili zimeumia. Pasipo uthibitisho, cheti cha kifo huchelewa, mirathi husimama, na mjane hajui kama ni mjane.

Polisi wa kimataifa, yaani Interpol, walitoa mwongozo wa kazi hii kwa mara ya kwanza mwaka 1984. Alama tatu ndizo zinazoaminika zaidi: alama za vidole, meno na vinasaba. Meno hustahimili moto, na vidole vilivyokaa majini mara nyingi bado huweza kuchukuliwa alama. Habari za mtu alipokuwa hai huandikwa kwenye fomu ya manjano, na habari za maiti kwenye fomu ya pinki; kisha wataalamu huzilinganisha. Kwa njia hiyo watu wote 157 waliokufa katika ndege ya Ethiopia tarehe 10 Machi 2019 walitambuliwa, ingawa ilichukua miezi kadhaa.

Lakini kazi yote hiyo inategemea saa za kwanza, na anayefika mapema ni askari wa kawaida. Kwa hiyo afundishwe, siyo mpelelezi wa makao makuu peke yake. Ajue kwamba kila maiti hupewa namba yake na kupigwa picha pale pale kabla ya kuondolewa. Pete, simu, kitambulisho na nguo vibaki na maiti ile ile. Kiungo kilichokatika kipewe namba yake chenyewe, kisiunganishwe na mwili kwa kukisia. Sisi wauguzi tunapopokea maiti yenye namba, kazi ya chumba cha maiti huwa rahisi. Maiti zikiletwa zimerundikwa, na vitu vyao kwenye mfuko mmoja, ushahidi umekwisha potea.

Wengine huhimiza kuzika haraka wakiogopa magonjwa. Maiti za watu waliokufa kwa majeraha hazianzishi kipindupindu wala tauni. Anayezishika avae glavu na anawe kwa sabuni, na maiti isiachwe kwenye kisima au mto wa kunywa. Basi, hofu isitufanye tuzike watu bila namba wala kumbukumbu.

Nasi nyumbani tunaweza kusaidia:

1. Msafiri aandikishe jina lake kamili kwenye tiketi na abebe kitambulisho. Watoto nao waandikishwe.
2. Tukifika kwenye ajali, tuwasaidie majeruhi kwanza. Maiti tusizihamishe wala kuzipekua.
3. Mwende kwa polisi na picha inayoonyesha meno, namba ya kitambulisho, na habari za makovu, upasuaji au jino lililong'olewa.
4. Kwa vinasaba, waende kwanza wazazi au watoto wa damu. Huchukuliwa mate shavuni kwa pamba, haiumi. Mswaki wa marehemu msiutupe.
5. Majibu yakichelewa, muwe na subira. Haraka haraka haina baraka.

Akina baba na akina mama, tunaposali kwa ajili ya marehemu wetu tunawataja kwa majina. Askari aliyefundishwa vizuri, na familia iliyotoa habari kamili, ndio watakaohakikisha jina lililoandikwa kaburini ni la yule aliyelala humo.