Taka Nzito za Reli Haziko Ndani ya Behewa

Abiria akishuka, nyuma yake hubaki chupa ya maji na mabaki ya chakula. Hizo ndizo taka tunazoziona, na kampeni nyingi za usafi wa treni huishia hapo. Sasa tufanye hesabu ya njia yenyewe. Njia nyingi za kisasa hutandikwa reli ya kilo 60 kwa kila mita. Kwa kuwa reli ni mbili, kilomita moja hubeba tani 120 za chuma. Chini yake kuna mataruma zaidi ya 1,500, na chini ya mataruma kuna kokoto. Vyote hivyo huchakaa, na vinapong'olewa huwa taka.

Njia bora ya kupunguza taka hizo ni kuichelewesha reli isifike jaani. Magurudumu huipasua nyufa ndogondogo usoni. Mashine ya kusaga ikipita mapema na kuondoa tabaka jembamba la juu, nyufa hutoweka kabla hazijazama. Reli iliyochoka kubeba treni za kasi hupimwa, na iliyo nzima huhamishiwa yadini, ambako vichwa vya treni hutembea polepole. Ikishindwa na huko, ndipo ikatwe na kuyeyushwa. Tanuri la umeme huyeyusha chuma chakavu kwa nishati ndogo kuliko inayohitajika kuanza na mawe ya madini.

India inatuonyesha jinsi taka moja inavyozaa nyingine. Kwa miaka mingi vyoo vya mabehewa yake vilimwaga kinyesi moja kwa moja njiani. Uvundo ulikuwa kero, lakini kinyesi hicho pia kilikuwa kinaila reli pamoja na vibano vyake, vikabadilishwa kabla ya wakati. Shirika la reli likafunga chini ya mabehewa matangi yenye bakteria wanaomeng'enya kinyesi kikawa maji na gesi. Kwa hatua hiyo njia ilisafishika na chuma kikaokolewa.

Kokoto si tatizo kubwa: mashine huzizoa, huzichekecha na kuzirudisha zile zenye kingo kali. Taruma la zege husagwa likawa kifusi cha barabara, la chuma huenda tanurini. Linalonitia hofu ni la mbao. Mataruma mengi ya mbao yalilowekwa kreosoti, mafuta meusi yanayotokana na lami ya makaa ya mawe, ili yasiliwe na mchwa wala kuoza. Wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wanaiweka kreosoti kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani. Mbao za namna hii zinatakiwa kuchomwa kwenye matanuri ya joto kali yenye vichujio vya moshi. Kuziuza kama kuni ni kuihamishia familia ya mnunuzi sumu ya reli.

Kuna pia mzani wa muuza vyuma chakavu. Mnamo Januari 2022 Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha biashara hiyo nchini Kenya baada ya miundombinu ya umma kuhujumiwa; baadaye mwaka huohuo ikaruhusiwa tena. Kibano cha reli kilichoibwa na kilichostaafu kihalali hufanana kikiwa kwenye gunia. Kwa hiyo kila shehena ya chuma cha reli inastahili hati inayotaja uzito, kituo kilikotoka na mnunuzi. Bila hati hiyo, urejelezaji unageuka soko la wizi unaoweza kuangusha treni.

Chupa za abiria nazo zina nafasi yake, mradi zitenganishwe humohumo ndani ya behewa, na vituo vyote vya njia nzima vifuate rangi zilezile za mapipa. Karatasi ikishalowa mchuzi haina tena mnunuzi.

Kwako msomaji: ukiletewa taruma la zamani la mbao, jeusi, lenye harufu ya lami, usilipikie, usilichomee nyama, wala usilifanye benchi la watoto. Na ukiona linauzwa kama kuni, wape taarifa wahusika wa reli au mamlaka ya mazingira iliyo karibu nawe.