Kiboko: mnyama, mjeledi, ao hesabu?

Ndugu wahitimu, wengi wetu siku hizi ndio tunashika chaki, basi neno hili linatuhusu. "Utakula viboko vitatu!" Nani kati yetu hakulisikia?

Kiboko wa kwanza ni mnyama, yule wa Vitshumbi, kule ziwa Edward. Ngozi yake ni nene sana. Watu waliikata vipande virefu, wakavisokota, wakaviacha vikauke mpaka vikakakamaa. Mjeledi ukabeba jina la mwenye ngozi. Sarufi peke yake inawatenganisha: kiboko anaogelea, kiboko kinauma. Wabelgiji wao walisema chicotte, neno lililotoka kwa Wareno, kwao chicote ni mjeledi.

Wakati wa Leopold, kati ya 1885 na 1908, mtu ambaye mpira wake wa msituni haukutimia kipimo alilazwa chini na kuchapwa nacho. Serikali ya Ubelgiji ilipochukua nchi haikukitupa. Ilipunguza tu idadi ya mapigo, kidogo kidogo, ikakifuta 1959, uhuru tayari unabisha hodi. Kwa hiyo mzazi akiniambia kiboko ni malezi ya mababu, namkatalia. Babu alikuwa na fimbo yake, sawa. Lakini kulala kifudifudi mbele ya wenzako huku mtu anahesabu kwa sauti, mimi hapo naona gereza na kambi ya askari.

Kinachonishangaza zaidi ni hiki: ngozi ilipotea, jina likabaki kuwa hesabu. Shuleni kwetu kiboko kilikuwa tawi la mti wa avoka, siku zingine kipande cha mpira wa maji, na bado tulisema "viboko vitano" kama vile mtu anahesabu ndizi. Ndiyo maana mwalimu anaweza kusema "nilimupa viwili tu" na moyo wake umetulia.

Kenya walikataza 2001. Tanzania, kanuni za 2002 zinaruhusu visivyozidi vinne, hesabu tena! Kwetu, sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inataka nidhamu ya shule imtendee mtoto kwa utu. Waalimu wangapi wameisoma?

Wenzangu mnaofundisha Rutshuru na Masisi, huko watoto wanakiita je?