Mbwa wako anachechemea kabla ya kutimiza mwaka?

Ikiwa umenunua mtoto wa mbwa aina ya German Shepherd au Rottweiler akulindie boma huko Lavington, Kileleshwa au Karen, mtazame vizuri anapoamka asubuhi. Je, huchechemea hatua chache za kwanza kisha akatembea sawasawa? Wengi husema ameteguka akicheza, wakangoja. Lakini akiwa na umri wa miezi minne hadi minane na kuchechemea hakuishi, huenda ugonjwa umo ndani ya kiwiko.

Mifupa mitatu hukutana kwenye kiwiko cha mbwa. Akiwa mdogo, ncha zake ni gegedu, ule mfupa laini mweupe unaoutafuna mwishoni mwa paja la kuku. Gegedu hilo hugeuka mfupa polepole. Kwa mbwa wa aina kubwa, wanaokua upesi, mara nyingine hukawia kugeuka, likawa nene kupita kiasi. Seli za ndani hukosa lishe na kufa, ufa hutokea, na kipande huweza kubanduka kama plasta ya ukuta wenye unyevu.

Kwa wengine mifupa haikui kwa kasi moja, basi uzito huelemea ncha ndogo iliyo upande wa ndani wa kiwiko hadi inapasuka. German Shepherd ana balaa lake pia: kijimfupa cha nyuma ya kiwiko, ambacho kingepaswa kuungana na mwenziwe kufikia mwezi wa tano, hubaki kimelegea.

Ubaya ni kwamba gegedu halina neva. Mbwa hahisi maumivu hadi mfupa wa chini uguswe, na gegedu lililokwisha kulika halirudi lilivyokuwa. Hapo baridi yabisi huingia.

Chanzo kikubwa ni urithi. Hata hivyo, wenye mbwa huongeza madhara kwa mapenzi yao wenyewe, wakimnyunyizia unga wa mifupa au kalsiamu juu ya chakula maalum cha dukani ambacho tayari kina ya kutosha. Tumbo la mtoto wa mbwa haliwezi kuikataa inayozidi. (Anayelishwa ugali na nyama tupu ana shida ya kinyume, muulize daktari.) Usimnenepeshe: mbavu zake uweze kuzipapasa kwa urahisi.

Usimpe dawa zako za maumivu, kwani ibuprofeni huweza kumtoboa tumbo. Mpeleke kwa daktari wa mifugo. Chuo Kikuu cha Nairobi kina kitivo cha tiba hiyo huko Kabete, si mbali na katikati ya jiji. Omba viwiko vyote viwili vipigwe eksirei, maana mara nyingi vyote huugua. Upasuaji huondoa kipande kilichobanduka, lakini hauondoi baridi yabisi iliyokwisha anza.

Na kabla ya kulipia mwingine, muulize muuzaji eksirei za viwiko vya wazazi wake. Kipimo cha kimataifa huanza 0, kiwiko kizima, hadi 3, kilichoharibika sana.