Nyuzi za Ziwa Nyasa (Sehemu ya Pili): Wawili wa Lilongwe na Babatoni Yao

Katika sehemu iliyopita niliahidi kueleza kwa nini mtu wa Mbinga anaweza kuupenda muziki wa blugrasi wa Marekani hata kama hajapata kuusikia. Jibu limo kwenye banjo. Ilizaliwa kutokana na vyombo vya kibuyu, ngozi na nyuzi walivyovikumbuka Waafrika waliopelekwa utumwani ng'ambo ya Atlantiki. Huko Senegali na Gambia Wajola wangali wanapiga akonting, na anayeiona hakosi kuutambua ukoo. Bill Monroe, mpiga mandolini na mwasisi wa blugrasi, aliliingiza kundi lake la Blue Grass Boys kwenye jukwaa la Grand Ole Opry, Nashville, mwaka 1939. Mwishoni mwa 1945 akampokea Earl Scruggs na banjo yake ya vidole vitatu, na hapo muziki ukapata mbio zake. Ngoma hawakuwa nayo. Mapigo yalitoka kwenye nyuzi zenyewe.

Banjo ilirejea Afrika kwa kuzunguka, kupitia miji na migodi ya kusini. Wanaume wa Nyasaland, Malawi ya leo, walikwenda huko kutafuta mshahara, na wa mwambao wetu pia, hadi Tanganyika huru ilipoufunga mlango wa Wenela, wakala wa kuandikisha vibarua wa migodi. Wengine walirudi na magitaa na mabanjo. Asiyekuwa na fedha ya kununua alijitengenezea: debe au ubao likawa tumbo, waya wa breki ya baiskeli ukawa uzi.

Katika ukoo huo wamo Yosefe Kalekeni na Yobu Maligwa, yaani Madalitso Band. Niliwasikia kwa mara ya kwanza kwenye simu ya kijana mmoja, ndani ya basi linaloshuka kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay. Nilidhani ni watu watano. Kumbe wawili! Yosefe anapiga gitaa la nyuzi nne huku kisigino chake kikigonga ngoma iliyo chini. Yobu ana babatoni, chombo cha kujitengenezea chenye shingo ndefu kama mpini wa kasia na uzi mmoja tu. Mkono mmoja unateleza juu ya uzi, mwingine unaupiga, na besi inanguruma, inapanda, mara inalalamika. Wote wawili wanaimba, sauti zikipandana kwa karibu sana, jambo ambalo Monroe angelielewa bila mkalimani.

Walianzia mitaani Lilongwe, wakipigia wapita njia. Albamu yao ya kwanza kusambazwa kimataifa, Wasalala, ilitolewa mwaka 2019 na Bongo Joe ya Geneva (Bongo hii si ya Dar es Salaam). Waliorekodi walifanya hekima kubwa: hawakuongeza kinanda wala ngoma za kompyuta. Kisigino unakisikia ni kisigino.

Hata hivyo tofauti na blugrasi ipo. Wamarekani hupokezana: fidla inatangulia, banjo inajibu, kila fundi anaonyesha ufundi wake kisha anarudi nyuma. Madalitso hawana zamu. Wanashika kipande kifupi na kukizungusha, na mabadiliko yanakuja kidogo kidogo kwenye babatoni. Anayengoja kibwagizo kikubwa atachoka, tena nakiri kwamba wimbo mmoja wa polepole ungeipumzisha albamu. Lakini jaribu kukaa kitako wimbo wao Vina Vina Malawi ukipigwa. Mimi mguu ulinishinda.

Wasikilizeni kwa spika ya heshima, si kwa simu mfukoni, maana spika ndogo huimeza babatoni yote na kuacha gitaa likilia peke yake.

Sehemu ya tatu itahusu mganda: jinsi gwaride la kijeshi lilivyogeuzwa ngoma kwenye vijiji vya ziwani, na jinsi vibuyu vilivyochukua nafasi ya tarumbeta.