Namba Haitoshi: Jinsi ya Kuitambua Kamshafti ya Mtumba

Kamshafti ikishang'olewa kwenye injini yake na kulazwa sakafuni pamoja na nyingine tano, hakuna aliye tayari kuapa imetoka wapi. Muuzaji atasema ni ya injini ya 3L, mnunuzi ataitafuta namba iliyochomoza kwenye chuma, fundi ataigeuza mkononi mara mbili, na biashara itafungwa. Mara nyingi mambo huenda sawa. Yasipokwenda sawa, gari huwaka kwa shida asubuhi, linatoa moshi, linakosa nguvu mlimani, na lawama huenda kwa pampu ya dizeli ambayo haina kosa lolote. Hoja yangu ni kwamba jina la injini analotaja muuzaji, namba na jicho, hata vikijumlishwa, haviwezi kuitambua kamshafti ya mtumba. Kinachoitambua ni kipimo, na kipimo hicho kinawezekana Mpanda, bila maabara.

Nataja Mpanda kwa sababu. Reli ya kutoka Kaliua iliufikia mji huo kwa ajili ya madini ya risasi, na siku hizi kuna barabara ya Tabora kupitia Sikonge, lakini Dar es Salaam bado iko zaidi ya kilomita 1,000. Magari yanayobeba watu na mazao kwenda Mishamo, Karema au Majimoto ni ya umri mkubwa: Land Cruiser zenye injini ya 1HZ, Hilux za 2L, 3L na 5L, na Land Rover za zamani ambazo wenyewe hawajakubali kuziachia. Anayesuka injini ya namna hiyo mkoani Katavi hutumia spea za mtumba kwa sababu ndizo zinazopatikana, na akikosea kuchagua, kurudisha mzigo ni gharama nyingine ya safari.

Tuanze na namba, maana ndiyo inayoaminiwa kupita kiasi. Kamshafti nyingi za injini hizi humwagwa kwenye kalibu, chuma kikiwa cha moto, kisha hupelekwa kwenye mashine ya kusaga. Namba iliyochomoza, ile unayoweza kuipapasa kwa kidole, ilitoka kwenye kalibu. Inasema chuma ghafi kilimwagwa wapi na kwa familia gani ya injini. Umbo la nundu, yaani zile sehemu zinazosukuma valvu, lilikuja baadaye kwenye jiwe la kusagia, na kiwanda kinaweza kutumia chuma ghafi kimoja kutengeneza kamshafti mbili zenye tabia tofauti. Namba kamili ya spea ni jambo jingine. Kwa Toyota, tarakimu 13501 mwanzoni humaanisha kamshafti, na tarakimu zinazofuata huelekeza kwenye injini. Lakini namba hiyo huwa kwenye boksi na kwenye katalogi, na spea ya mtumba haiji na boksi.

Jicho lina kazi yake, na nisilidharau. Litahesabu nundu: injini ya silinda nne yenye valvu mbili kwa kila silinda ina nane, 1HZ ya silinda sita ina kumi na mbili. Litasoma pia mpangilio wa kuwaka. Kamshafti huzunguka nusu ya mwendo wa krankshafti, kwa hiyo kwenye silinda nne nundu za hewa hupishana kwa nyuzi 90, na kwenye silinda sita kwa nyuzi 60. Ukifuata zinavyopokezana utapata 1-3-4-2 kwa 3L, na 1-4-2-6-3-5 kwa 1HZ. Kwa njia hiyo kamshafti isiyohusika kabisa inaondolewa kwa dakika moja. Hata hivyo jina la injini lenyewe linaweza kudanganya. Toyota waliita 2L injini ambazo silinda hedi zake zinatofautiana: za mwanzo zilitumia roka kusukuma valvu, za baadaye nundu inakandamiza kikombe kilicho juu ya valvu moja kwa moja. Mtu akisema tu "ni ya 2L" amekupa nusu ya jibu.

Ushahidi mzito zaidi uko kwenye Land Rover ya lita 2.25. Injini hiyo ilitoka ya petroli na ya dizeli, zote zikiwa na ujazo uleule wa sentimita za ujazo 2,286, kamshafti ikiwa ndani ya bloku. Ukiziweka kamshafti mbili hizo sambamba, zinafanana mno. Sasa tazama vipimo vya kiwanda. Kwenye petroli, valvu ya hewa hufunguka nyuzi 6 kabla pistoni haijafika juu kabisa na hufunga nyuzi 52 baada ya pistoni kufika chini. Jumla ni nyuzi 238 za krankshafti. Kwenye dizeli hufunguka nyuzi 16 kabla na kufunga nyuzi 42 baada. Jumla ni 238 zilezile. Anayepima muda wa valvu ya hewa peke yake atasema ni kitu kimoja. Tofauti imejificha kwenye upande wa moshi: ya petroli hukaa wazi nyuzi 238, ya dizeli nyuzi 244. Na umbali kati ya kilele cha nundu ya hewa na kile cha nundu ya moshi, ukipimwa kwenye kamshafti yenyewe, ni nyuzi 104 kwa petroli na 106 kwa dizeli. Nyuzi mbili. Hakuna jicho la fundi, liwe la miaka arobaini kazini, linaloweza kuona hilo kwenye chuma chenye grisi.

Je, nyuzi chache hizo zina maana yoyote barabarani? Zina maana kubwa. Dizeli ile ina uwiano wa mgandamizo wa 23 kwa 1, kwa hiyo pistoni ikifika juu nafasi iliyobaki ni finyu sana. Kamshafti ya petroli ikifungwa humo kwa taimingi yake ya petroli, valvu ya moshi itafunga nyuzi 24 baada ya pistoni kufika juu badala ya 13, yaani itakuwa imesimama wazi zaidi pale pistoni inapopita, na hatari ya kugongana si ya kufikirika. Valvu ya hewa nayo itachelewa kufunga kwa nyuzi kumi, hewa itasukumwa kurudi ilikotoka, mgandamizo utapungua, na dizeli huwaka kwa joto la mgandamizo tu. Hapo ndipo ule uwakaji mgumu wa asubuhi unapotokea.

Kupima nyuzi mbili kunasikika kama kazi ya chuo kikuu. Sivyo. Chukua bamba la duara lenye upana wa sentimita 30, ligawe nyuzi 360, lifunge kwenye ncha ya kamshafti. Ukingoni, nyuzi moja inachukua takribani milimita 2.6, kwa hiyo nyuzi mbili ni zaidi ya nusu sentimita. Kamshafti ilazwe juu ya vitalu viwili vyenye mkato wa V, saa ya kupimia iguse nundu. Kosa la kawaida ni kukitafuta kilele kwa kutazama sindano inaposimama. Kileleni sindano hukaa palepale kwa nyuzi kadhaa. Soma nyuzi pale nundu inapopanda hadi kimo fulani, soma tena inaposhuka kwenye kimo kilekile, kisha chukua katikati. Kwa Land Rover kuna hata njia ya mkato: pima upana wa nundu ya hewa na wa nundu ya moshi kwenye kamshafti ileile na kwa kimo kidogo kilekile. Zikilingana, elekea petroli. Ya moshi ikizidi kwa nyuzi kama tatu, elekea dizeli.

Baada ya utambulisho huja uchakavu, na hapa maikromita moja inatosha. Pima nundu kutoka kileleni hadi mgongoni, kisha pima upana wa sehemu yake ya duara, utoe cha pili kutoka cha kwanza. Kinachobaki ni kimo cha kusukuma. Nundu nne za hewa zinapaswa kulingana, na iliyo fupi kuliko wenzake imelika. Lakini vipimo vyote viwili viandikwe, kwa sababu kuna kamshafti zilizosagwa upya. Hizo hupunguzwa pande zote, kimo kikabaki kama cha kiwanda huku duara likiwa dogo. Kwenye injini ya roka, skrubu ya tapeti inaweza kuifidia. Kwenye injini ya vikombe utahitaji shimu nene zaidi, na si kila unene unapatikana. Halafu kuna ugumu. Ngozi ya nundu huwa ngumu kwa kina kidogo tu, na jiwe la kusagia likipita kina hicho, chuma laini kinabaki juu. Tupa mpya ikipitishwa taratibu pembeni mwa nundu inapaswa kuteleza. Ikiuma na kutoa unga, iache.

Wapo watakaosema nunua mpya, yaishe. Sawa, kama ipo na kama ni halisi. Hata hiyo mpya haina sababu ya kukwepa maikromita, kwa kuwa boksi ni rahisi kuiga kuliko nundu. Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la wale wanaoshauri kununua silinda hedi nzima ikiwa na kamshafti yake ndani. Kwa injini kama 3L na 1HZ nakubaliana nao bila kusita: kamshafti hukaa kwenye hedi, vifuniko vyake vilikerezwa pamoja na hedi hiyo, na kila nundu imezoeana na kikombe chake. Mwenye fedha ya kununua hedi nzima na afanye hivyo. Lakini ushauri huo haumsaidii mwenye Land Rover ya 2.25, ambaye kamshafti yake iko kwenye bloku, wala mwenye hedi nzima isipokuwa kamshafti iliyokatika.

Ombi langu ni kwa wanaobomoa injini, Mpanda na kwingineko. Utambulisho wa kamshafti hupotea ndani ya dakika ile inapochomolewa, wakati namba ya injini bado inasomeka kwenye bloku. Chukueni waya na kipande cha bati, gongeni juu yake aina ya injini, namba yake, na kama ilikuwa ya roka au ya vikombe, kisha kifungeni kwenye kamshafti kabla haijaingia kwenye rundo. Na wewe mnunuzi, ukikuta muuzaji anakataa nundu zake zipimwe, mlipe bei ya chuma chakavu au mwachie.