Meneja wa mikopo wa miaka 52: ahame au asubiri mafao?

MENEJA wa mikopo akihama benki, habari hufika Kariakoo kabla wino wa barua yake ya kuacha kazi haujakauka. Wateja wake huulizana nani sasa atatazama dhamana zao, na huko aendako kuna nini. Lakini mwenye hesabu ngumu ni yeye mwenyewe, hasa akiwa amevuka miaka 50. Wengi huifanya hesabu hiyo kwa kuangalia tarakimu moja tu: mshahara mpya.

Mambo haya si mageni. Sheria ya mabenki ya 1991 ilipofungua mlango kwa mabenki binafsi, wageni walihitaji watu wanaoijua kazi, na wengi wa watu hao walikuwa NBC. Meridien Biao, miongoni mwa waliotangulia kuingia, ilianguka mwaka 1995 na shughuli zake hapa nchini zikachukuliwa na Stanbic. Waliobaki NBC walijiona wajanja. Mwaka 1997 NBC nayo ikagawanywa, NMB ikazaliwa humo, na mwaka 2000 sehemu kubwa ya hisa za NBC mpya ikauzwa kwa ABSA ya Afrika Kusini. Kubaki mahali pamoja hakukuwa kinga.

Chukua mfano wa meneja wa miaka 52, anayelipwa Sh milioni 3 kwa mwezi na aliyechangia NSSF miezi 288. Benki nyingine inampa milioni 4. Ongezeko la Sh milioni moja linavutia, lakini halifiki mfukoni lote. Asilimia 10 inakwenda kwenye mfuko, kisha kodi ya mshahara ya asilimia 30 inakata kinachobaki. Anasalia na Sh 630,000.

Halafu kuna mkopo wa nyumba. Wafanyakazi wa mabenki hukopeshwa kwa riba nafuu, na anayeacha kazi kwa kawaida huhamishiwa riba ya soko. Akiwa bado anadaiwa Sh milioni 60, riba ikipanda kutoka asilimia 8 hadi 16, mwaka wa kwanza anaongeza Sh milioni 4.8, yaani 400,000 kwa mwezi. Katika milioni ile, zimebaki Sh 230,000. Kwa fedha hiyo peke yake, ni vigumu kuona kwa nini mtu aache meza aliyoizoea.

Faida yenyewe iko kwenye pensheni. Kwa kanuni iliyoanza Julai 2022, pensheni hukokotolewa kwa kuzidisha miezi ya michango na wastani wa mshahara wa miaka mitatu bora ndani ya kumi ya mwisho, kisha kugawa kwa 580. Kanuni hiyo ilipoanza, asilimia 33 ililipwa kwa mkupuo, na 67 ilikuja kila mwezi. Meneja huyu akibaki hadi miaka 55, umri wa kustaafu kwa hiari, atakuwa na miezi 324, na kwa mgawo huo angepokea kama Sh milioni 1.12 kwa mwezi. Akihama na kudumu miaka mitatu kwa milioni 4, kwa mgawo huo huo angepokea kama milioni 1.5, na mkupuo nao ungepanda kwa kiwango hicho hicho.

Sharti ni hiyo miezi 36. Anayehama akiwa na miaka 58 hana muda wa kuitimiza kabla ya 60, umri wa lazima. Anayeondolewa baada ya mwaka mmoja, wastani wake unashuka. Tena ongezeko likifichwa kwenye marupurupu yasiyokatwa michango, hesabu yote hii inakufa. Barua ya ajira isomwe kabla ya kupeana mikono.

Sheria ya kazi ya 2004 nayo haimbembelezi anayehama. Kinga dhidi ya kuachishwa isivyo halali haimgusi mwenye utumishi usiofika miezi sita, hata kama alikwisha kufanya kazi miaka 24 kwingine. Anayejiuzulu hana kiinua mgongo cha kuachishwa kwa mujibu wa sheria hiyo, ingawa cha kulilia si kikubwa: siku saba za mshahara kwa kila mwaka, kwa miaka isiyozidi kumi. Kinachouma zaidi ni kuondoka muda mfupi kabla benki haijatangaza kupunguza watu kwa malipo ya hiari.

Swali basi ni kama kiti kipya kitadumu. Januari 2018 Benki Kuu ilifunga mabenki madogo matano kwa mpigo. Agosti mwaka huo Bank M ikawekwa chini ya usimamizi wake, na mwaka uliofuata mali na madeni yake yakahamishiwa Azania. Mabenki hutangaza hesabu zao magazetini kila robo mwaka. Ayatazame mtaji na mikopo chechefu, ambayo Benki Kuu inataka isizidi asilimia 5, na alinganishe robo nne mfululizo, maana robo moja hupambwa.

Mfanyabiashara na mwenye hisa wasome jedwali hilo hilo. Meneja mmoja kuhama si habari. Mkuu wa fedha, wa ukaguzi wa ndani na wa mikopo wakiondoka katika robo moja, wakati mikopo chechefu inapanda, wenye amana kubwa wana sababu ya kuuliza maswali tawini Jumatatu asubuhi.